Ndama wa Mwaka Mmoja Hafungwi Nira

Mnapokuja hapa kwangu Nyarero kuchaji simu, huwa mnaniuliza swali lilelile: "Babu Mwita, hivi wewe ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Mmeambiwa nilikuwa mwalimu wa chuo, mbali, kwenye baridi. Mwalimu wa nini, hamjui. Nami sijawahi kuwajibu vizuri, kwa sababu nikifika katikati ya maelezo simu zinakuwa zimejaa na ninyi mmeondoka. Basi leo nimeandika. Msome popote mtakapokuwa, hata juu ya bodaboda, ila dereva asubiri afike.

Nitaandika bila kujizuia, na mila inaniruhusu. Kwetu Wakurya baba na mwana huheshimiana mpaka wanaogopana kidogo, lakini babu na mjukuu ni watani. Baba zenu wakiiona karatasi hii waruke sehemu ya posa.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta mahali maneno yalipozaliwa. Hayakuwa maneno yetu. Yalikuwa ya Wahiti na jirani zao Waluvi, watu walioishi Anatolia, nchi ambayo leo ni Uturuki, zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita. Hakuna hata mmoja aliyebaki wa kuzizungumza lugha zile. Waliandika kwa kukandamiza ncha ya tete kwenye vibao vya udongo mbichi. Baadaye majumba yao yaliungua, na moto uliokula paa ukavioka vibao vingi kama matofali kwenye tanuru. Kila nikilikumbuka jambo hilo nafurahi upya. Moto uliokuja kumaliza kila kitu ndio uliotutunzia barua.

Sasa, neno lililokufa unawajuaje wazazi wake? Unawatafuta ndugu zake. Sisi tunasema *omonto*. Mswahili anasema *mtu*. Msukuma anasema *munhu*. Ukiwasimamisha hao watatu pamoja, unaona pua ya bibi mmoja. Lakini Mjaluo, jirani yetu tunayeuziana naye samaki na nafaka, anasema *dhano*. Tunaishi naye, tunaoana naye, ila neno lake lina bibi mwingine. Kazi yangu ilikuwa kumchora yule bibi ambaye hakuna aliyewahi kumwona, kwa kutazama pua za wajukuu.

Wahiti nao wana ndugu walio hai. Maji waliyaita *watar*. Nendeni Mugumu mkawasikilize watalii wanaotoka mbugani, wamejaa vumbi mpaka kwenye kope, wakiomba maji hotelini kwa Kiingereza: *water*. Mwandishi wa mfalme wa Wahiti angewaelewa na kuwaletea kikombe. Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilitoka nje nikatembea kwenye theluji bila kofia, nikicheka peke yangu.

Aliyenifundisha alikuwa mama mmoja wa Ankara, hukohuko Uturuki nilikokwenda kusoma, Mwalimu Nermin. Alikuwa mfupi, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na kila siku alikuwa anaitafuta hii ya kichwani. Alikunywa chai nyeusi kwenye bilauri ndogo na alikuwa na sheria moja: "Usilipende neno haraka."

Mimi nililipenda haraka. Nilikuwa mgeni bado, mpweke, sijasikia Kikurya kwa muda mrefu, ndipo nikakuta kwenye maandishi ya Waluvi kwamba baba walimwita *tati*. Mnasikia? *Tati*! Na sisi nyumbani tunamwita *tata*. Nilipanda ngazi mbio mpaka chumbani kwake.

"Mwalimu! Waluvi ni Wakurya! Baba kwao ni *tati*, kwetu ni *tata*!"

Aliniangalia. Akaiweka chai chini taratibu, isije ikamwagika kwa kicheko.

"Mwita, mwanangu, ulipomwita baba yako hivyo mara ya kwanza, ulikuwa na meno?"

"Sikuwa nayo."

"Basi. Mtoto asiye na meno anaweza kusema nini? Ma, ma. Ta, ta. Pa, pa. Wazazi wa dunia nzima wakisikia hivyo kila mmoja anafurahi, 'Ananiita!' Mtoto mchanga hana kabila."

Nilishuka ngazi polepole. Kosa lile lilinifundisha kuliko vitabu: kufanana si undugu. Ukiona maneno mawili yanafanana usishangilie. Uliza kama yanafanana kwa utaratibu, safu kwa safu, kama shamba lililolimwa na mtu mzima, au yamefanana kama watu wawili waliovaa shati moja mnadani.

Na alikuwa na swali jingine, hili ndilo ninalotaka mlibebe hata mkienda kufanya kazi ya kushona viatu. Tukishamaliza hesabu zote za sauti, aliuliza: "Mkono ulikuwa unafanya nini neno lilipozaliwa?" Maana neno halizaliwi hewani. Kuna mtu alikuwa anafunga kamba, anakamua, anapanda. Usipouona ule mkono, hujamaliza.

Neno lililobadilisha maisha yangu ni *yuga*.

Ni neno la sheria za Wahiti. Maana yake ni mnyama wa mwaka mmoja. Sasa, nira ya kulimia waliiita *yugan*. Ukoo ni mmoja, sauti hazibishaniwi. Lakini mkono ulikuwa unafanya nini? Ndama na nira wanakutana wapi? Tukiwa darasani kwa Mwalimu Nermin, mwenzangu mmoja, msomaji hodari wa vibao kuliko mimi, alisimama akaeleza kwamba ndama wa mwaka mmoja aliitwa hivyo kwa sababu katika umri huo alianza kufungwa nira.

Mimi nikacheka. Kicheko kilinitoka tu. Nimekulia nyuma ya ng'ombe hapa Nyarero. Nilimwona akilini yule ndama mwenye magoti ya kitoto, amebebeshwa mti wa nira, na plau nyuma yake, na marehemu babu yangu pembeni ameshika fimbo. Fimbo si ya ndama, ni yangu.

"Mwita anacheka," alisema Mwalimu. "Kwa nini?"

"Ndama wa mwaka mmoja hafungwi nira, Mwalimu. Shingo haijakomaa."

"Ng'ombe wa kwenu au wa Wahiti?"

Nikainamia daftari langu.

"Kucheka si hoja," akasema. "Mwenzako ameleta hoja. Wewe umeleta meno. Niletee hoja."

Likizo ilikuwa karibu. Nikarudi nyumbani nikiwa na mambo mawili kifuani: neno lile, na Ghati.

Bibi yenu Ghati mnamjua, lakini hamjui nilivyompata. Likizo ya kabla ya hiyo niliugua malaria, nikapelekwa zahanati, nikamkuta mwanafunzi wa uuguzi yuko kwenye mazoezi. Alinichoma sindano. Nikapiga kelele kwa Kituruki, kwa sababu ndiyo lugha niliyokuwa naumwa nayo miezi ile. Akainamisha kichwa, akauliza kwa upole kabisa: "Hiyo ni kabila gani, kaka?" Nilipona, lakini si sana.

Baba yake, Mzee Nyamhanga wa Susuni, alikuwa mkulima wa maksai, mtu wa maneno machache. Walishatangulia wachumba wengine, wenye mazizi yaliyojaa, na aliwarudisha. Sababu haikuwa ng'ombe. Kila mmoja alitaka Ghati aache chuo aje aolewe sasa hivi. Ghati alikuwa bado hajamaliza masomo, na aliniambia wazi: "Baba akikataa mara moja, harudii. Usiende kama huna uhakika." Uhakika sikuwa nao. Nilikwenda.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Chacha, mchuuzi wa ng'ombe, mtu anayeweza kukuuzia mbuzi wako mwenyewe ukamshukuru. Kwa desturi mposaji hasemi. Anakaa, anatazama magoti yake, anasemewa. Tatizo ni kwamba baba mdogo hakuwahi kuielewa kazi yangu, na aliona aibu kuniuliza.

Sebule ya Mzee Nyamhanga ilikuwa imejaa. Vitambaa vyeupe kwenye makochi, uji wa wimbi, yaani ulezi, kwenye vikombe vikubwa. Pembeni ya mzee alikaa mjomba wa Ghati, Mzee Wambura, aliyetoka Manchira upande wa Serengeti makusudi kwa kikao kile, na alionekana amekuja kubisha. Salamu zikaisha, shikamoo zikaitikiwa, mvua ikaongelewa. Ndipo Mzee Nyamhanga akauliza: "Kijana wenu anafanya kazi gani?"

Baba mdogo alikohoa kidogo. "Kijana wetu anafanya kazi ya udongo. Udongo wa zamani sana. Unachimbwa chini, yeye anauangalia, anajua kilichomo."

Wajukuu zangu, mnaijua Tarime. Ukisema mtu anachimba chini na anajua kilichomo, hakuna anayefikiria maneno. Mzee Wambura aliweka kikombe.

"Dhahabu?"

Baba mdogo hakutaka kudanganya, na hakutaka kuupoteza uso ule mzuri wa wakwe. "Hatujafika huko," akasema.

Jikoni mtu akapiga kigelegele.

Nilimvuta koti. Akainama, nikamnong'oneza, akaniangalia kama nimemwambia nimeuza shamba. Akainuka tena.

"Kijana anasema si dhahabu. Ni maneno."

"Maneno gani?"

"Ya Wahiti."

"Hao ni ukoo wa wapi?" aliuliza Mzee Wambura. "Wako ng'ambo ya mpaka, kule Sirari?"

"Hapana. Wamekufa."

"Aa, poleni sana. Wamekufa lini?"

"Zamani. Wote."

Mzee Nyamhanga alinitazama kwa mara ya kwanza, kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa ng'ombe mnadani.

"Wamekufa wote," alisema. "Sasa huyu akikosea, nani atamwambia?"

Nimekaa kwenye mikutano ya wasomi katika miji mingi. Sijaulizwa swali zuri kuliko lile. Nilijua kikao kinatoka mkononi, na Ghati yuko nyuma ya ule mlango wa jikoni anasikiliza.

"Mwacheni aseme mwenyewe," alisema Mzee Nyamhanga. "Mtu wa kazi ya maneno hawezi kusemewa."

Nikasimama.

"Baba," nilisema, "wamekufa, lakini waliacha sheria za ng'ombe. Nikikosea, ng'ombe wananiambia."

"Sheria za ng'ombe?" Sauti ile ilitoka kwenye makochi yote kwa pamoja.

Nikawaambia ninayoyakumbuka kutoka kwenye vibao. Kwamba mtu akimwokota ng'ombe aliyepotea huko mashambani, ampeleke kwa wazee. Akishawaonyesha wazee, anaweza kumtumia, na mwenyewe akija amchukue ng'ombe wake bila kumwita yule mtu mwizi. Asipowaonyesha wazee, ni mwizi.

Mzee Wambura alipiga paja. "Hao wamekufa kweli? Hao si walikuwa hapa Susuni juzi?"

"Endelea," alisema Mzee Nyamhanga.

Nikaendelea. Kwamba ukishtakiwa kuiba fahali, wanauliza kwanza ni fahali kweli? Ndama aliyeachishwa kunyonya, huyo si fahali. Wa mwaka mmoja, si fahali. Wa miaka miwili, huyo ndiye fahali.

Hapo sikuhitajika tena. Sebule ililipuka.

"Miaka miwili!" Mzee Wambura alisimama. "Huyo bado anacheza na ndege. Fahali wa miaka miwili wapi!"

"Inategemea malisho," alisema mzee mmoja.

"Hapa kwetu wa miaka miwili anakuangusha chini," alisema Mzee Nyamhanga.

"Shemeji, ng'ombe wa Tarime wanaangusha watu kwa sababu watu wenyewe wamelewa."

"Na nyie wa Serengeti mnasubiri ng'ombe akue mpaka simba anamla, ndiyo mnasema alikuwa fahali!"

Walicheka, wakatukanana kiutani, wakawahukumu Wahiti, wakawatetea. Watu waliokufa maelfu ya miaka iliyopita walikuwa wamepewa makochi pale, na uji. Nami nikiona uso wa mkwe umefunguka nikasahau kabisa kwamba mimi ni mposaji. Niliwaambia habari ya *yuga*. Nikasema yuko mwenzangu anayeamini kwamba ndama wa mwaka mmoja alifungwa nira.

"Hafungwi!" Waliitikia kama kwaya.

"Basi baba," niliuliza, "ukiulizwa maksai wako ana umri gani, unajibuje?"

"Nasema huyu amelima misimu minne."

"Husemi miaka?"

"Miaka ni ya serikali. Sisi tunahesabu kulima."

"Na ndama, ambaye hajalima?"

Mzee Nyamhanga aliinua mabega, kama mtu anayeulizwa jua linatoka upande gani. "Naye anahesabiwa hivyohivyo. Ameona nira ikifungwa mara moja, huyo ni wa msimu mmoja. Ameona mara mbili, ni wa miwili. Si lazima afungwe yeye. Inatosha aone wakubwa wakifungwa."

Wajukuu zangu, niliuona mkono. Niliuona unafunga kamba ya nira asubuhi ya kwanza ya mvua, na ndama pembeni amesimama anatazama. Wa nira moja. Wa nira mbili. Mwaka wenyewe ulikuwa ni kufunga nira! Nilichomoa kalamu mfukoni nikaanza kuandika kwenye kiganja changu, mbele ya wakwe, nikiwa nimesimama.

"Kijana."

Niliinua kichwa. Baba mdogo alikuwa amefunika uso kwa kofia.

"Umekuja kuoa," aliuliza Mzee Nyamhanga, "au umekuja kazini?"

"Nimekuja kuoa, baba. Kazi imenifuata."

Aliyecheka kwanza alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilikijua kile kicheko. Kisha wakacheka wote, isipokuwa yeye mzee. Alisubiri watulie.

"Sitaki kusikia habari ya Wahiti tena leo," alisema. "Nimeshika jambo moja. Wenzako huko walitaka kumfunga nira ndama kabla ya wakati, nawe ukakataa. Binti yangu hajamaliza chuo. Waliokuja kabla yako walikuwa na haraka. Wewe una haraka?"

"Ninayo, baba," nilisema, kwa sababu ilikuwa kweli. "Lakini nitasubiri."

"Umwache aione misimu yake?"

"Nitamwacha."

Akamgeukia shemeji yake. Mzee Wambura alitafuta la kubisha, akalikosa, akasema tu, "Lakini wa miaka miwili si fahali." Na hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yao. Habari ya ng'ombe wa mahari ikaanza kuzungumzwa, na hapo baba mdogo Chacha akafufuka, kwa sababu hiyo sasa ilikuwa lugha yake.

Tulipokuwa tunaaga, Ghati alinipitia karibu na beseni la kunawia mikono. "Kwa hiyo mimi ni ndama?"

"Hapana, mimi nilimaanisha..."

"Nawa vizuri. Una wino mpaka kwenye kiwiko."

Sikunawa. Nilirudi Nyarero nimekunja ngumi ili jasho lisifute.

Nilimpelekea Mwalimu Nermin hoja yangu. Mwenzangu hakuikubali, na mpaka leo anaipinga, kwa hoja nzuri zinazonikosesha raha. Ndivyo kazi ilivyo. Hatutajua mpaka kibao kingine kitoke ardhini, au kisitoke. Lakini nilipomsimulia Mwalimu swali la mkwe wangu, *huyu akikosea nani atamwambia*, alivua miwani ya puani na akasahau kuvaa ya kichwani. Tangu siku ile kila mwanafunzi mpya aliingia chumbani mwake na kuulizwa swali la Mzee Nyamhanga wa Susuni kabla hajapewa chai.

Siku hizi kazi imebadilika. Sisi tulikuwa na masanduku ya mbao yenye kadi, na kadi zikianguka chini ulimwengu wote wa Wahiti ulilala sakafuni. Leo picha za vibao zinaingia kwenye hizo simu mnazochaji kwangu. Ukiiuliza mashine itakuletea maneno yanayofanana kabla hujakohoa. Itumieni, ni nzuri. Ila kufanana bado si undugu, na mashine haijawahi kufunga kamba ya nira. Anayetaka kujua neno lilipozaliwa ataweka simu chini, aende kwa mwenye mikono, aulize, kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu.

Nilisubiri. Ghati akamaliza chuo, akavaa sare nyeupe, akanichoma sindano nyingine kwa furaha tu. Mvua zilipokuja baba yake alinipa plau nimlimie mistari kadhaa ili aione mikono yangu. Aliipitia mistari, akatikisa kichwa kukubali, akaenda kunywa uji. Tukaoana.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa huku baridi ikiwa imefunga madirisha yote ya Ankara. Asubuhi moja alikaa sakafuni, hana jino hata moja, akanitazama na kuninyooshea mikono.

"Tata," alisema. "Ta-ta."

Nilikimbilia simu. Mwalimu Nermin alikuwa amestaafu wakati huo, masikio yamepungua, ilibidi nipige kelele.

"Mwalimu! Mwanangu anasema Kiluvi!"

Nikasikia kicheko kile, na sauti ya bilauri ikiwekwa chini.

"Mwita! Nimekufundisha nini mimi? Mtoto mchanga hana kabila!"

"Najua, Mwalimu," nilimwambia, mtoto akiwa amenishika suruali. "Najua kabisa. Lakini ananiita!"